Upanga Uliobaki Ghalani Nanyuki: Aina Yake, Umri Wake na Njia ya Kumtafuta Aliyekuwa Nao

Swali: "Marehemu baba yangu alifanya kazi kwa miaka mingi katika shamba la mzungu karibu na Nanyuki. Mwenye shamba alipouza na kuondoka baada ya uhuru, upanga mmoja ulibaki ghalani na baba akauhifadhi. Chuma chake kimenyooka, kina urefu wa sentimita 82 na nusu na upana wa sentimita 2 na nusu. Mahali pa kushika pamekingwa na kitu kama bakuli la chuma lililotobolewa nakshi, na katikati yake kuna taji na herufi zilizosukana ambazo ndani yake naona V na R. Karibu na mpini kuna nyota ya pembe sita yenye kipande cha shaba katikati, na mgongoni kuna nambari ya tarakimu tano. Ala yake ni ya ngozi ya kahawia. Jirani anasema ni wa Mwitaliano aliyefungwa hapa wakati wa vita. Mwingine anasema ni wa Kiyahudi kwa sababu ya nyota. Na mnunuzi wa vitu vya kale anasema ni wa enzi ya Malkia Victoria na anataka kuuchukua wiki hii. Ni upanga gani, na je, niusafishe kwa msasa kabla ya kuamua?"

Jibu: Ndugu yangu, pole kwa kuondokewa na mzee, na asante kwa kupima kabla ya kuuliza. Nianze na lile lisiloweza kungoja: weka msasa chini. Sababu nitazieleza mbele, lakini ukiusugua upanga huo leo, huenda ukafuta jina la mtu ambaye bado tunaweza kumpata.

Kuhusu aina yake, vipimo vyako pamoja na picha nne ulizotuma vinatosha. Huu ni upanga wa afisa wa askari wa miguu wa Uingereza, wa muundo uliopitishwa mwaka 1897, na ulitengenezwa wakati wa utawala wa Mfalme George wa Tano, yaani kati ya 1910 na 1936. Majirani zako wote wawili wamekosea, na mnunuzi naye amekosea, ingawa kila mmoja wao ameshika alama iliyopo kweli kwenye chuma na kuisoma vibaya.

Mimi hutanguliza umbo, kwa sababu maandishi huweza kuongezwa au kusomwa ndivyo sivyo, ilhali umbo ni vigumu kulibadilisha. Kengee ya upanga wako, yaani sehemu yote ya chuma kuanzia mpini hadi ncha, ni nyembamba, imenyooka, ina makali upande mmoja, na kila ubavu una mfuo unaoanzia karibu na mpini na kukoma katikati, ambapo chuma kinaanza kuwa bapa hadi kuishia kwenye ncha kama ya mkuki. Kengee ya namna hii iliingia katika jeshi la Uingereza mwaka 1892, baada ya ubishi wa miaka mingi kati ya waliotaka afisa awe na upanga wa kukata na waliotaka awe na upanga wa kuchoma. Panga zilizotangulia zilikuwa zimepinda kidogo ili zifanye kazi zote mbili, na wengi waliamini kwamba hazikufanya hata moja vizuri. Kengee ya 1892 ni ushindi wa waliotaka kuchoma: ni ngumu, haipindi kirahisi, na uzito wake umewekwa karibu na mkono ili ncha ielekezwe kwa wepesi.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1895, kikingio cha mkono cha shaba kilichokuwa kikitumika kiliachwa, na mahali pake pakawekwa bakuli la chuma lililotobolewa nakshi za majani na kubeba taji na herufi za mtawala. Bakuli hilo lilikinga mkono vizuri, lakini ukingo wake wa ndani, ule unaoelekea mwilini upanga ukining'inia kiunoni, ulikuwa ukisugua koti la afisa hadi kulichakaza. Mwaka 1897 ukingo huo ulikunjwa kuelekea chini. Pitisha kidole chako polepole kwenye ukingo wa bakuli: upande mmoja utaupata bapa, na upande wa pili utahisi umekunjwa. Katika picha yako ya tatu mkunjo unaonekana wazi, na hiyo ndiyo sababu nautaja mwaka 1897 na si 1895. Jambo hili dogo la fundi kuliokoa koti la mwenye upanga ndilo hutusaidia leo kutenganisha miundo miwili inayofanana karibu katika kila kitu kingine.

Mpini nao unakubaliana na hayo. Vile vipele vidogo unavyovihisi ni ngozi ya samaki, ya aina ya taa au papa, iliyovishwa juu ya mbao na kuzungushiwa waya ili mkono wenye jasho usiteleze, na sehemu iliyochongwa miraba midogo juu ya mgongo wa mpini ni pa kulaza kidole gumba wakati wa kuchoma. Ungekuwa upanga wa afisa wa kikosi cha bunduki cha Kiingereza, ndani ya bakuli ungeona baragumu chini ya taji. Ungekuwa wa mwanamaji, ungeona nanga na kichwa cha simba. Na ungekuwa wa mpanda farasi wa muundo wa 1908, bakuli lingekuwa kubwa na kengee ingekaribia sentimita 89. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo hapa.

Sasa tuje kwenye herufi, kwa kuwa hapa ndipo penye fedha za mnunuzi. Ni kweli V na R zimo. Malkia Victoria aliandikwa VR, na mtu akitazama haraka, hasa kwenye chuma kilichoshika kutu, macho yake hukimbilia herufi hizo mbili na kusimama hapo. Lakini tazama tena picha yako ya pili ukiwa umeigeuza kidogo kuelekea kwenye mwanga. Herufi kubwa iliyo kushoto, inayoizunguka V kama kamba, ni G. Herufi zote tatu husomwa pamoja: G ya George, R ya Rex, neno la Kilatini lenye maana ya mfalme, na katikati yake V ambayo si herufi ya jina la mtu yeyote bali ni tarakimu ya Kirumi, tano. Huyo ni George wa Tano, aliyetawala kuanzia 1910 hadi kifo chake mwaka 1936. Kabla yake, kuanzia 1901, alama ilikuwa E na R pamoja na tarakimu ya saba, ya Edward wa Saba. Baada yake tunapata George wa Sita, ambaye tarakimu yake huonyesha I baada ya V, na kuanzia 1952 tunapata E, R na tarakimu ya pili za Elizabeth. Taji pia hutoa ushahidi, kwa sababu la wafalme wa 1901 hadi 1952 lina matao yaliyopanda juu kwa mviringo, ilhali lile lililochaguliwa na Elizabeth lina matao yaliyobonyea katikati. Lako limepanda juu.

Nimeona makosa haya ya kusoma VR mahali pa GVR mara nyingi, na si kila anayeyafanya ana nia mbaya. Hata hivyo, mtu anayenunua vitu vya kale kwa kazi anapaswa kuijua G, na anapokuwa na haraka ya wiki moja, wewe usiwe na haraka hiyo.

Dai la Mwitaliano nalichukulia kwa heshima kwa sababu lina mizizi katika historia ya mji wenu. Kambi ya wafungwa wa kivita wa Kiitaliano ilikuwapo Nanyuki kweli, na mwaka 1943 wafungwa watatu, akiwemo Felice Benuzzi, walitoroka humo wakapanda Mlima Kenya, wawili kati yao wakafika kilele cha Lenana na kusimika bendera yao, kisha wote watatu wakarudi wenyewe kambini. Lakini mfungwa wa vita hunyang'anywa silaha siku anayotekwa, kwa hiyo upanga haungeweza kufika kambini kiunoni mwake. Njia inayowezekana zaidi kwa silaha ya Kiitaliano kufika Kenya ni mikononi mwa askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza katika Afrika Mashariki, waliopigana Uhabeshi mwaka 1941 na kurudi na nyara. Ingekuwa hivyo, tungeona upanga mwingine kabisa: ule wa afisa wa miguu wa Italia wa muundo wa 1888 kwa kawaida umepinda kidogo, na mpini wake umechongwa mabonde ya kulaza vidole. Mfalme wao wa wakati huo, Vittorio Emanuele wa Tatu, naye ana V katika jina lake, na huenda hapo ndipo jirani yako alipopata hoja yake.

Nyota ya pembe sita huwasumbua watu kuliko alama nyingine zote, na ninaelewa kwa nini. Anayeiona huikumbuka nyota ya Daudi, naye hawezi kulaumiwa. Kwenye panga za Kiingereza, hata hivyo, nyota hiyo haihusiani na dini wala taifa. Ni pambo lililozungushiwa muhuri wa majaribio. Kabla ya kengee kuuzwa, ilijaribiwa kwa kupindwa na kupigwa, na ikiwa haikuvunjika wala kubaki imepinda, fundi aligongomea kipande kidogo cha shaba ndani ya chuma karibu na mpini na kuchora nyota kukizunguka. Kwenye shaba hiyo huwa pameandikwa neno la Kiingereza lenye maana kwamba imejaribiwa, au herufi za mtengenezaji. Kampuni ya Wilkinson ya London, kwa mfano, ilitumia HW, za jina la Henry Wilkinson. Watengenezaji na wauzaji wengine waliiga nyota hiyo hiyo, kwa hiyo nyota peke yake inakwambia kwamba upanga uliuzwa kwa soko la Kiingereza, wala haikwambii nani aliutengeneza.

Kwa hilo lazima ugeuze upanga usome upande wa pili, mkabala na nyota, mahali ambapo katika picha yako naona kivuli cha maandishi chini ya kutu. Afisa wa Uingereza hakupewa upanga na serikali. Aliununua kwa fedha zake, mara nyingi kupitia fundi cherehani yule yule aliyemshonea sare. Kwa hiyo jina unalolikuta linaweza kuwa la mshonaji wa London ambaye hakuwahi kushika nyundo. Nyuma yake kengee inaweza kuwa imefuliwa Birmingham, au hata Solingen nchini Ujerumani, mji ambao kwa karne nyingi uliuza kengee kwa majeshi ya pande zote. Panga za namna hii zilizotoka Ujerumani kabla ya 1914 ni nyingi, na haziufanyi upanga kuwa wa Kijerumani. Ile nambari ya tarakimu tano mgongoni, hata hivyo, inaniambia nielekeze macho kwa Wilkinson, kwani kampuni hiyo ndiyo iliyokuwa na desturi ya kuzipa panga zake bora nambari za mfululizo na kuziandika katika vitabu vyake pamoja na tarehe ya kujaribiwa. Vitabu hivyo vimehifadhiwa, na wapo watafiti nchini Uingereza wanaovisoma kwa malipo. Nambari ikisomeka yote bila shaka, inaweza kutoa mwaka, na mara nyingine jina la mnunuzi wa kwanza.

Je, upanga kama huu ulifikaje ghala la shamba chini ya Mlima Kenya? Njia yenyewe si ya ajabu kwa anayeijua historia ya Laikipia. Mwaka 1919, mara baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuwagawia ardhi ya nyanda za juu wazungu waliotoka jeshini, na eneo la Nanyuki lilikuwa miongoni mwa yale yaliyogawiwa. Maafisa walikuja na masanduku yao ya vita, na upanga ulikuwa mali yao binafsi, kwa hiyo ulibaki nao walipovua sare. Watoto wao waliurithi au wakausahau. Walipouza mashamba katika miaka ya uhuru, hawakubeba kila kitu. Ardhi hiyo ilikuwa ya watu kabla ya kugawiwa, na askari Waafrika waliopigana vita hivyo hivyo, pamoja na wachukuzi waliobeba mizigo yake, hawakupewa hata ekari moja katika mpango huo. Nalitaja hilo kwa sababu upanga ulio mikononi mwako ni sehemu ya habari hiyo, na baba yako aliyeutunza ana nafasi ndani yake sawa na afisa aliyeununua.

Kuna jambo moja zaidi ambalo ningependa uliangalie, nalo ni makali. Wakati wa amani panga hizi ziliachwa butu. Vita vilipotangazwa Agosti 1914, maafisa waliagizwa wazipeleke zikanolewe. Ukikuta makali yaliyonyooka na kulingana kuanzia nchani hadi karibu nusu ya kengee, kuna sababu nzuri ya kuamini kwamba upanga ulitayarishwa kwa ajili ya vita hivyo. Ukikuta mikwaruzo ya tupa isiyo na mpango, hasa karibu na katikati, hiyo ni kazi ya shambani, ya mtu aliyeutumia kama panga la kufyekea.

Sasa tufike kwenye msasa. Maafisa wengi walichorewa kwenye kengee, kwa tindikali, mapambo yenye herufi za mfalme, beji ya kikosi, na mara nyingi herufi za kwanza za majina yao au nembo ya ukoo. Michoro hiyo ina kina kidogo mno, kina cha unywele pengine, na katika upanga wenye kutu hukaa chini kabisa ya ule wekundu unaotaka kuuondoa. Msasa utaondoa kutu pamoja na jina. Ndimu, majivu, siki na sufi ya chuma vitafanya vivyo hivyo, kwa polepole zaidi. Badala yake, paka mafuta mepesi ya cherehani kwenye kitambaa laini cha pamba, yaache kwenye chuma usiku mzima, na asubuhi ufute kwa kitambaa kingine. Rudia kwa siku kadhaa. Kutu iliyolegea itatoka yenyewe, na iliyoshikamana uiache. Unaweza kutumia kijiti cha mbao kilichochongwa kwenye mianya ya bakuli, lakini chombo cha chuma usikitumie. Shaba ya nyota usiing'arishe kabisa. Mafuta yasifike kwenye ngozi ya samaki wala kwenye ala.

Ukimaliza, usiurudishe upanga ndani ya ala ya ngozi. Najua ndipo unapoonekana kuwa nyumbani kwake, lakini ngozi hunyonya unyevu na kuushikilia, na ngozi ya zamani ina chumvi na asidi za kazi ya kuitengenezea. Kengee nyingi nilizoziona zimeliwa na ala zao kuliko hewa ya nje. Hifadhi viwili hivyo kando kwa kando, juu ya kitambaa kikavu, mahali ambapo watoto hawafiki. Ala yenyewe usiitupe. Hiyo ya mbao iliyovishwa ngozi ya kahawia ndiyo iliyobebwa kazini pamoja na mkanda wa ngozi wa afisa, tofauti na ile ya chuma king'avu iliyovaliwa kwenye gwaride.

Kengee ikishatulia na mafuta, subiri usiku, zima taa, na washa tochi ukiilaza karibu sambamba na chuma, kisha uisogeze taratibu kuanzia mpini hadi nusu ya kengee, pande zote mbili. Mwanga wa ubavuni huonyesha michoro ambayo mwanga wa juu hauionyeshi kabisa. Unachotafuta ni herufi mbili au tatu zilizokaa peke yake ndani ya fremu ndogo, pamoja na beji yoyote. Usishangae ukikosa beji ya KAR hata kama mwenye shamba alitumikia humo, kwani maafisa wengi wa KAR waliazimwa kutoka vikosi vya nyumbani kwao na walibaki na panga za vikosi hivyo.

Wakati huo huo, fanya kazi ambayo mtaalamu wa London hawezi kukufanyia. Waendee wazee waliofanya kazi na baba yako uwaulize jina la mwenye shamba, hata lile la utani walilompa wenyewe, na jina la shamba kabla halijagawanywa. Kwa jina la shamba au nambari ya ardhi unaweza kuomba majalada ya enzi ya ukoloni katika Nyaraka za Taifa jijini Nairobi. Jina la jalada likikutana na herufi za kwenye kengee na tarehe ya kitabu cha kiwanda, utakuwa na ushahidi wa pande tatu zisizojuana, na mimi sihitaji zaidi ya huo ili kumtaja mtu.

Kuhusu mnunuzi, mwambie upanga hauuzwi kwa sasa. Aina hii ilitengenezwa kwa wingi, hasa mwanzoni mwa vita vya 1914, kwa hiyo upanga usio na jina hauna bei ya kushangaza. Upanga wenye jina la afisa anayejulikana ni jambo jingine, na kwa sasa hatujui wako ni upi kati ya hizo mbili. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inavihesabu kuwa vitu vya kale vile vilivyotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, na herufi za George wa Tano zinauweka wako nje ya mpaka huo. Hata hivyo, mtu yeyote akitaka kuuvusha nje ya nchi, wasilianeni kwanza na Makumbusho ya Taifa mpate barua. Na ukiubeba kwenda kumwonyesha mtu, ufunge vizuri ndani ya turubai na usipande nao matatu ukiwa wazi.

Nitumie picha ya fremu ile yenye herufi ukishaipata, iliyopigwa kwa mwanga wa tochi, pamoja na nambari ya mgongoni iliyoandikwa kwa mkono ili tusikosee kati ya 3 na 8.